Simu ya Akron: Vyombo vya Mawasiliano na Huduma kwa Waraibu, 1935 hadi Leo

Utangulizi

Jumamosi tarehe 11 Mei 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja alisimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower akiwa amevunjika moyo. Jina lake lilikuwa Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York. Shughuli iliyomleta, yaani kugombea usimamizi wa kampuni moja ya mashine za mpira, ilikuwa imeshindikana. Kwa muda wa miezi mitano alikuwa hajaonja pombe, baada ya miaka mingi ya ulevi uliomharibia kazi na nyumba. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa yenye watu na vicheko. Upande wa pili palikuwa na simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Wilson alikwenda kwenye simu.

Tunaanza na simu hiyo kwa makusudi. Siku hizi yanasemwa mengi juu ya programu za simu, mikutano ya video na mashine zinazoongea na watu, kuwa ni njia mpya za kuwasaidia wanaopona uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Wapo watumishi wanaozipokea kwa shangwe, na wapo wanaozitilia shaka. Pande zote mbili husema kana kwamba jambo hili limeanza jana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali ni la zamani, nalo lina sehemu mbili: Je, chombo kinampeleka mtu kwa mtu mwenzake? Na je, siri anayoitoa mwenye shida inatunzwa na nani?

1. Maongezi ya ndugu na ndugu

Aliyeipokea simu ya Wilson alikuwa Mchungaji Walter Tunks wa Kanisa la Episkopali. Wilson hakumwomba ushauri, wala hakuomba kuombewa. Alieleza kwamba yeye ni mlevi aliyeacha pombe, na kwamba ili asirudi nyuma anahitaji kuongea na mlevi mwingine. Ombi hilo lilikuwa geni, lakini mchungaji hakulikataa. Alimpa majina ya watu wa kuwapigia. Kwa njia hiyo Wilson alimpata Bibi Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Walikutana Jumapili jioni, tarehe 12 Mei. Daktari alikuwa amesema angekaa dakika 15 tu. Waliongea zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo Smith alikunywa kinywaji chake cha mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina.

Kwa Walutheri, habari hii ina mizizi ya kutazamwa. Bibi Seiberling na daktari Smith walikuwa katika ushirika ulioitwa Oxford Group, na Wilson mwenyewe alikuwa amefikiwa na rafiki yake wa zamani wa ulevi aliyeguswa na ushirika huo huo. Mwanzilishi wake, Frank Buchman, alikuwa Mmarekani aliyebarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri mwaka 1902. Buchman alisisitiza kwamba Mkristo aungame dhambi zake mbele ya mwenzake, sawasawa na agizo la Yakobo 5:16. Baadaye Wilson na wenzake walijitenga na ushirika huo, lakini desturi ya kuungamiana waliichukua.

Luther naye, katika Makala za Schmalkalden alizoziandika mwishoni mwa 1536, alipotaja njia ambazo Mungu anatufikishia Injili, aliweka pamoja na mahubiri, ubatizo, meza ya Bwana na mamlaka ya funguo, njia ya tano: maongezi na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hatudai kwamba walevi wa Akron waliyasoma Makala hayo. Tunasema tu kwamba kilichotokea jioni ile hakikuwa kigeni kwa imani yetu, ingawa mara nyingi tumeiacha njia hiyo ya tano bila kuitumia.

Tena tuangalie nafasi ya kila mmoja. Simu haikumponya Wilson, wala Mchungaji Tunks hakumponya. Simu ilikuwa daraja, na mchungaji alikuwa mtu mwenye majina ya watu. Daraja bila mtu ng'ambo ya pili halimfikishi msafiri popote.

2. Kitabu, gazeti na barua

Mwezi Aprili 1939 chama kilichapa kitabu chenye jina lake, ili ujumbe ufike mahali ambapo wanachama hawakuweza kufika. Tarehe 1 Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post, lililosomwa na mamilioni ya Wamarekani, lilitoa makala ya Jack Alexander juu ya chama hicho. Barua za kuomba msaada ziliingia New York kwa maelfu. Kwa hesabu za chama chenyewe, wanachama walikuwa kama 2,000 mwaka huo ulipoanza, na kama 8,000 ulipokwisha.

Jambo la kutazamwa ni jinsi barua hizo zilivyopokewa. Ofisi ndogo ya New York ilijibu, kisha majina ya waandishi yakapelekwa kwa vikundi vilivyokuwa karibu nao, ili mtu aende akabishe hodi. Waliokaa mbali na kikundi chochote, na mabaharia waliokuwa safarini, waliandikiana barua wao kwa wao.

Pamoja na faida ilikuja hatari. Gazeti na redio vilipenda kutangaza majina na picha, na mtu aliyetangazwa leo kuwa ameshinda pombe angeweza kuanguka kesho mbele ya wote. Kwa hiyo mwaka 1950, katika mkutano wao wa Cleveland, wanachama waliyakubali Mapokeo Kumi na Mawili. Pokeo la kumi na moja lilielekeza kwamba mwanachama asijitaje kwa jina katika magazeti, redio na filamu. Hivyo chombo kipya kilizaa kanuni mpya. Hawakukikataa, lakini pia hawakukiachia kiwatawale.

3. Mashine inayojibu

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Mtu akiiandikia kwamba ana huzuni, ilimrudishia maneno yake kwa namna ya swali, kama afanyavyo mshauri. Haikuelewa neno hata moja. Hata hivyo, kama Weizenbaum alivyosimulia baadaye, katibu wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuongea nayo alimwomba mkuu wake atoke chumbani ili abaki peke yake na mashine.

Tukio hilo lilimshtua. Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika nyumba ya Kiyahudi, na aliondoka Ujerumani mwaka 1936 pamoja na jamaa yake kwa sababu ya utawala wa Wanazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 alidai kwamba yako mambo ambayo mashine haipasi kukabidhiwa, hata kama ingeweza kuyafanya, kwa kuwa yanataka moyo wa mtu anayehurumia.

Leo mashine za kuongea zina uwezo unaopita ELIZA kwa mbali, na mtu mwenye tamaa ya pombe saa nane za usiku anaweza kujibiwa mara moja. Hilo tusilidharau, saa nane za usiku wengi wetu tumelala. Lakini mashine haijawahi kulewa, haijawahi kuona aibu, wala haihitaji kuokolewa. Wilson alimtafuta Smith kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hatarini. Wote wawili walipokea, na wote wawili walitoa. Mashine hutoa maneno, lakini haina cha kupokea kutoka kwa mwenye shida.

4. Simu ya mkononi

Tangu miaka ya 1980 waliokuwa wakipona walianza kuandikiana kwa kompyuta. Hatua kubwa ilikuja na simu za mkononi zenye intaneti. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na David Gustafson, walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watu 349 waliokuwa wakitoka katika nyumba za matibabu ya ulevi. Nusu walipata huduma ya kawaida tu. Nusu ya pili waliongezewa simu yenye programu iitwayo A-CHESS kwa miezi minane. Programu hiyo iliwaunganisha na wenzao na washauri, ilikuwa na kitufe cha kuomba msaada wakati wa hatari, na iliweza kumwonya mtu alipokaribia mahali alipozoea kunywa. Waliokuwa na programu walikuwa na wastani wa siku 1.39 za unywaji wa hatari katika siku 30. Wasiokuwa nayo walikuwa na siku 2.75. Faida hiyo si ndogo, na asiyeijali hatendi haki kwa walioipata.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya reSET, itolewe kwa agizo la daktari pamoja na matibabu ya uraibu. Lakini Aprili 2023 kampuni iliyoitengeneza, Pear Therapeutics, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kikundi cha ndugu kinaweza kuendelea bila fedha nyingi. Programu ya kampuni humtegemea anayeilipia.

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga kumbi za mikutano katika nchi nyingi, na vikundi vya waraibu vilihamia kwenye video. Wagonjwa, walemavu na wakaao mbali waliingia mikutanoni kwa urahisi ambao hawakuwa nao kabla. Papo hapo walitokea wahuni walioingia bila kualikwa, wakawadhihaki wanachama kwa kuwaonyesha pombe. Mlango uliofunguliwa kwa mgonjwa ulikuwa wazi pia kwa mdhalilishaji.

5. Nani anatunza siri?

Hapa tunafika kwenye jambo linalomgusa mchungaji kuliko mengine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linataka maondoleo ya dhambi kwa mtu mmoja mmoja yaendelee kuwapo kanisani. Mtu huthubutu kuungama kwa kuwa anaamini kwamba aliyemsikia hatasema.

Aprili 2024 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Monument, iliyotoa matibabu ya ulevi kwa njia ya intaneti. Tume ilidai kwamba kampuni iliwaahidi wagonjwa usiri, huku ikipeleka habari zao kwa makampuni ya matangazo, yakiwamo Meta na Google, bila idhini yao. Kwa amri iliyofuata, kampuni ilizuiwa kutoa habari za afya kwa ajili ya matangazo. Tulitafakari hilo: mtu anaandika usiku kwamba ameanguka tena, na maungamo yake yanageuka kuwa bidhaa. Walevi wa 1950 walijilinda na gazeti lililotaja jina waziwazi. Mraibu wa leo anafichuliwa na mtu asiyemwona.

Kwetu pia hatari ina sura yake. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto. Ujumbe wa mchungaji wa kumtia moyo mraibu unaweza kusomwa na asiyehusika, na jina likisemwa katika kundi la usharika haliwezi kurudishwa.

Hitimisho

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na mgonjwa alipaswa kufika mwenyewe kunywa dawa yake mbele ya mhudumu. Mwili ulitakiwa uonekane. Simu ingeweza kumkumbusha saa, lakini haikuweza kwenda kwa niaba yake.

Basi historia hii haitupi ruhusa ya kuvikataa vyombo, maana bila simu Wilson huenda angeingia baa. Wala haitupi ruhusa ya kuviachia kazi yetu. Inatupa kazi mbili zilizo wazi. Kwanza, kila mchungaji awe na majina, kama Tunks: awajue katika usharika wake na katika jirani zake waliopona na walio tayari kuamshwa usiku. Pili, kabla hajamwelekeza mtu kwenye programu yoyote, aulize ni nani anayesoma yanayoandikwa humo, na asiandike mwenyewe katika simu jambo ambalo asingelisema sokoni.

Siku moja simu yako, ndugu mtumishi, italia, na mtu usiyemjua atasema kwamba yeye ni mlevi anayemtafuta mlevi mwenzake. Wakati huo hutaulizwa unamiliki chombo gani. Utaulizwa kama una jina la kumpa.