Jicho la Mwalimu wa Michezo

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule za msingi za upande huu wa Guta, kabla sijapewa ukuu wa shule. Kazi hiyo sikuiomba. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana mwenye miguu mirefu, na mwalimu mkuu aliyenipokea aliniangalia mara moja tu akaniambia, "Wewe utachukua michezo." Tangu siku hiyo nikakabidhiwa filimbi, mpira mmoja uliokwisha kushonwa mara tatu, na saa ya kupimia mbio iliyohifadhiwa katika kabati la ofisi pamoja na chaki. Hiyo saa nitairudia.

Kuna watu ulimwenguni ambao kazi yao ni kutazama tu. Katika nchi za baridi, mtu aliyecheza mpira wa magongo juu ya barafu katika ligi ndogo, asiyepata kuitwa kwenye ligi kubwa, huweza kuajiriwa azunguke vijijini akitazama watoto wa wengine wanavyocheza, kisha aandike: huyu anafaa, yule hafai. Sisi huku hatuna barafu, isipokuwa ya kuhifadhia samaki. Lakini kazi hiyo tunayo, na kwa sehemu kubwa imefanywa na walimu wa shule za msingi, bila mshahara wa ziada wala cheo. Mwalimu akisema mtoto huyu aende wilayani, mtoto huenda wilayani. Akinyamaza, mtoto hurudi kuchota maji, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na jambo la kujulikana.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa sababu ya Suleiman Nyambui. Yeye alizaliwa Majita tarehe 13 Februari 1953, nami nilimtangulia kwa miaka mitatu hivi. Majita si mbali na kwetu. Sisi wa Guta tuko kwenye pembe ya mashariki ya Ghuba ya Speke, na wao wako kwenye rasi iliyo kaskazini ya ghuba hiyohiyo. Lugha yao inasikika hata katika soko letu. Sikupata kumjua ana kwa ana, lakini habari zake nilizifuata kama mtu anavyofuata habari za ndugu aliyesafiri.

Jambo la kwanza la kushangaza ni pale alipotoka. Ukihesabu wakimbiaji wakubwa wa nchi hii utaona wengi ni wa ukanda mmoja wa juu: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu, Gidamis Shahanga wa Hanang, na Juma Ikangaa. Ni nchi za miinuko na hewa nyepesi, na wataalamu husema hewa hiyo huyajenga mapafu. Ziwa letu liko mita 1,134 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyetumwa kutafuta mkimbiaji asingekuja kumtafuta kwa wavuvi na wakulima wa mihogo. Mkoa wa Mara ulijulikana kwa kutoa askari, na kwa kumtoa Mwalimu Nyerere. Jicho la mtafutaji hupenda kurudi lilikokwisha kuona.

Mwaka 1976 Nyambui alikuwa na miaka 23, umri mzuri wa mbio ndefu. Mwaka huo nchi yetu, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikushiriki Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini. Watu wengi hukumbuka hasara ya Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na ambaye dunia nzima ilitaka kumwona akipambana tena na John Walker. Walker alikwenda Montreal akachukua dhahabu. Mimi nilikuwa na bado niko upande wa uamuzi ule wa kutokwenda. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba gharama yake ililipwa kwa miguu ya vijana wachache, na miguu ya mkimbiaji haina akiba ya benki.

Baadaye Nyambui alikwenda Marekani, kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwa ulio mpakani na Mexico. Hapa inafaa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana vijana wa leo wanadhani ulikuwa ni muujiza. Vyuo vya Marekani hushindana kwa michezo kama klabu zetu za Simba na Yanga zinavyoshindana, na vilikuwa tayari kumlipia mwanamichezo karo, chakula na malazi. Makocha hawakuwa na haja ya kupanda milima ya Afrika. Walisoma matokeo ya mashindano makubwa, wakaandika barua, na mara nyingi mwanafunzi aliyekwisha kufika aliulizwa, "Kwenu kuna mwingine?" naye akamtaja. Hivyo mtafutaji vipaji alikuwa ni yule kijana mwenyewe, akikumbuka aliokimbia nao nyumbani. El Paso, chini ya kocha Ted Banks, walifika Wakenya na Watanzania kadhaa kwa njia za namna hiyo, Shahanga akiwa mmojawapo.

Katika mbio za nyika, washindi watano wa kwanza wa kila timu huhesabiwa kwa nafasi zao, na timu yenye jumla ndogo hushinda. Timu ikichukua nafasi ya kwanza hadi ya tano yote hupata pointi 15, na chini ya hapo haiwezekani. Mwaka 1981 El Paso walipata pointi 17 katika ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima. Wenyeji walinung'unika kwamba wageni wale walikuwa watu wazima wanaoshindanishwa na vijana wao. Malalamiko hayo hayakukosa msingi kabisa. Nyambui alipotwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 1979 alikuwa na miaka 26. Akautwaa tena 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo, na mwaka 1980 alikuwa pia bingwa wa mbio za nyika. Lakini mimi huuliza: kama angeonekana akiwa na miaka 18, nani angekuwa na la kulalamikia?

Ijumaa ya tarehe 1 Agosti 1980 sitaisahau. Siku moja kabla yake Bayi alikuwa amepata nishani ya fedha mjini Moscow katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Malinowski wa Poland. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mita 5000. Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekwisha kushinda mita 10,000, aliwaacha wenzake katika mzunguko wa mwisho akamaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Wa pili alikuwa Nyambui wetu, 13:21.60. Wa tatu alikuwa Maaninka wa Finland, ambaye baadaye alikiri kwamba aliongezewa damu ili apate nguvu, jambo ambalo wakati ule halikuwa limekatazwa. Nishani mbili katika siku mbili! Tangu hapo hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatujapata nyingine ya Olimpiki. Tulikuwa watu saba tumeizunguka redio ya jirani yangu, betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate uhai. Wiki ile kila mtoto aliyekimbia uwanjani kwetu alijiita Nyambui, hata wasichana.

Februari 1981 aliweka rekodi ya dunia ya mita 5000 katika uwanja wa ndani mjini New York, 13:20.4. Miaka ilipopita na kasi ikapungua, akahamia marathoni, akashinda Berlin Magharibi mara mbili, 1987 na 1988, wakati ukuta wa mji ule ungali umesimama. Kisha akafanya kile ambacho wakimbiaji wengi hawapendi: akawa mtazamaji. Alifundisha wakimbiaji nyumbani na ng'ambo, hata Brunei, akawa pia Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania. Alikuwa katika kiti hicho mwaka 2016 Alphonce Simbu wa Singida alipomaliza wa tano katika marathoni ya Rio. Ukatibu ni kazi ya lawama. Anayekimbia hulaumiwa kwa mbio zake mwenyewe. Katibu hulaumiwa kwa mbio za wote, na kwa tiketi za ndege, na kwa viatu. Sisemi kila lawama aliyopewa ilikuwa ya uongo wala ya kweli. Nasema tu kwamba mwenye kuchagua watu hana siku anayoimaliza bila mtu wa kumkasirikia, na hilo nalijua kwa sababu nililifanya kwa kipimo kidogo.

Sasa nirudi kwenye ile saa.

Mwaka 1983 tulikuwa tunachagua timu ya tarafa kwa ajili ya UMISHUMTA, kama michezo ya shule za msingi ilivyoitwa wakati ule kabla ya kuwa UMITASHUMTA. Katika mita 800 za wasichana walibaki wawili, na nafasi ilikuwa moja. Mmoja alikuwa binti wa mzazi mwenye lori la kubebea pamba. Alikimbia vizuri kwa kutazama: kifua mbele, mikono imetulia, kama picha ya kitabu tulichosomea chuoni. Wa pili alikuwa binti wa mvuvi, darasa la sita, mwembamba, na mkono wake wa kushoto aliurusha pembeni kama mtu anayefukuza kuku. Alikuja shuleni akinuka dagaa na mara kwa mara alichelewa. Nikawakimbiza wawili hao peke yao jioni moja, shule nzima ikitazama. Binti wa mvuvi alitangulia. Saa ilionyesha tofauti ya sekunde mbili na zaidi.

Mwaka ule dizeli ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Timu ya tarafa nzima ilihitaji lori la kuipeleka wilayani, na lori lilikuwa moja. Hakuna aliyeniambia neno. Mzazi yule hakuniomba kitu, na nisingependa msomaji amdhanie vibaya. Ni mimi nilisimama mbele ya watoto, nikaitazama saa, nikaitikisa, nikasema, "Saa hii ina matatizo." Kisha nikamtaja yule mwenye mkimbio mzuri. Nilijieleza moyoni kwamba mkono ule wa kushoto ungemwangusha mbele ya waamuzi, kana kwamba mbio hutolewa alama kama hati ya mwandiko. Saa haikuwa na matatizo yoyote. Niliitumia miaka mingine mitatu.

Tuliyempeleka alitolewa katika mchujo wa kwanza wilayani. Yule wa pili alimaliza darasa la saba mwaka uliofuata, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akaolewa. Sidai kwamba nilimzuia Nyambui mwingine. Wapo wengi wanaoshinda tarafani na kuishia wilayani. Lakini wilayani ndiko ambako angejulikana ni nani kati ya hao, na mlango huo niliufunga mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliposimamishwa kwa miaka kadhaa, nililalamika sana mikutanoni kwamba serikali inawanyima watoto nafasi ya kuonekana. Nilisema kwa sauti kubwa. Usiku nilikumbuka kwamba mimi sikuhitaji waraka wa wizara kufanya hivyo.

Mwezi Septemba 2025 mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake Simbu akishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, wa kwanza kutoka nchi hii kupata dhahabu hiyo. Yeye na Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mwisho wa mbio ndiyo iamue. Nilimwomba mtoto airudie mara nne. Nilitazama mikono yao.

Wiki hiyohiyo nilishuka mwaloni kununua dagaa. Binti wa mvuvi siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, anauza hapo miaka mingi, nami huwa nanunua kwake bila kuzungumza mengi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Umesikia yule kijana wa Singida?"

Nikasema nimemwona. Akapima sado moja, akaipiga piga ubavuni dagaa washuke, akajaza tena. Mkono wa kushoto bado anaurusha.

"Mwalimu," akasema bila kuinua uso, "ile saa ilikuja kutengenezwa?"

Nilimwambia kwamba haikuwa mbovu. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wengine wawili, kwa kuwa nilipoiharibu palikuwa na watu pia. Alinyamaza kidogo. Kisha akaongeza kiganja kimoja cha dagaa juu ya sado, nyongeza, kama anavyompa kila mteja, akaniambia bei.