Bafu la hoteli lilivyotufuata nyumbani

Mjomba wangu anajenga nyumba ya ghorofa. Kila anaposafiri kikazi, kabla hata hajafungua begi, anapiga picha bafu la hoteli: marumaru mpaka juu, kioo chenye taa, shawa iliyozungushiwa vioo. Juzi alimwonyesha fundi bomba picha kama ishirini hivi. Fundi akazipitia zote kwa adabu, halafu akauliza, "Mzee, jiko linakaa upande gani?"

Mjomba alidhani fundi hajaelewa. Kumbe swali hilo lina historia ndefu, na historia yenyewe imepitia hotelini.

Twende Boston, Marekani, mwaka 1829. Hoteli ya Tremont House, iliyochorwa na Isaiah Rogers, ilifunguliwa ikiwa na vyoo vya kuvuta maji ndani ya jengo. Vilikuwa vinane tu, vyote ghorofa ya chini. Mabafu yalikuwa chini zaidi, tena ya maji baridi. Mgeni wa juu akibanwa usiku, anashuka ngazi. Kwa nini visikae vyumbani? Kwa sababu kupandisha maji ni kazi, na kuyashusha yakiwa machafu ni kazi kubwa zaidi.

Hapa kuna sayansi kidogo. Choo kikiunganishwa na bomba la maji taka, harufu na gesi hurudi kupitia bomba hilohilo. Dawa yake ni kona ya bomba inayobaki na maji, ambayo Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, aliipatia hataza mwaka 1775. Yale maji kidogo ndiyo mlango. Lakini maji mengi yakishuka kwa kasi kutoka ghorofani huvuta hewa nyuma yake, na yanaweza kuyafyonza yale ya kwenye kona pia, mlango ukabaki wazi. Ndiyo maana kuna bomba la hewa linalotokeza juu ya paa. Sasa chukua mabomba yote hayo, ya maji baridi, maji moto, maji taka na hewa, halafu yapeleke kwenye vyumba 300!

Aliyeifanya hesabu hiyo ikalipa ni Ellsworth Statler. Mwaka 1908 alifungua hoteli mjini Buffalo, jimbo la New York, kila chumba na bafu lake, na tangazo lake likavuma: chumba na bafu kwa dola moja na nusu. Haikuwa hoteli ya matajiri. Siri ilikuwa mpangilio. Mabafu ya vyumba viwili jirani yalipeana mgongo, katikati yao kukawa na uwazi uliosimama kutoka chini mpaka juu, na humo ndimo mabomba yalimopita. Bafu la kila ghorofa lilikaa juu ya lenzake. Seti moja ya mabomba ikahudumia pande mbili, na kukiharibika, fundi anajua pa kuingilia bila kubomoa ukuta wa mgeni.

Mwanahistoria Sigfried Giedion, katika kitabu chake cha mwaka 1948, aliona bafu la kawaida la nyumba za Marekani limetoka humo hotelini: kijichumba kilichobandikwa kwenye chumba cha kulala, tofauti kabisa na bafu la Waingereza wenye nazo, lililokuwa pana kama sebule. Na halikuenea haraka. Sensa ya Marekani ya mwaka 1940 bado ilikuta karibu asilimia 45 ya nyumba hazina mfumo kamili wa maji na choo ndani.

(Wasomaji wa Pwani msinirukie: ndiyo, magofu ya Gedi yana vyoo vya ndani vya karne nyingi zilizopita.) Lakini hili bafu la kubandikwa chumbani, hata kwetu limepita njia hiyohiyo. "Selfu" tuliizoea kwenye vibao vya gesti. Leo dalali anaitumia kukupangishia chumba.

Turudi kwa mjomba. Kwenye ramani yake, bafu la juu lipo kona ya mbali, juu ya sebule. Maji taka yatasafiri kwenye bomba refu lenye mteremko, juu ya vichwa vya wageni, mpaka yafike upande wa jiko na choo cha chini. Fundi akachora mchangani kwa kidole: jiko hapa, bafu juu yake, ukuta mmoja. Marumaru za kwenye picha, alisema, zitakaa popote.

Mjomba bado hajakubali. Anasema upande wa jiko hauoni bahari.