Mapungubwe: kilima kilichoambiwa kisubiri

Jamani, nimekuwa adimu humu, kazi za gazetini zimenibana. Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, pale mito ya Limpopo na Shashe inapokutana, mpakani mwa Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe.

Pana kilima cha mawe kiitwacho Mapungubwe. Kimo chake ni kama mita 30 tu, kwa hiyo usitegemee Kilimanjaro. Ila pande zake ni majabali wima, na njia za kupandia ni chache na nyembamba. Aliyekaa juu alikuwa na boma tayari bila kujenga ukuta. Kati ya mwaka 1220 na 1290 hivi, mfalme na watu wake wa karibu waliishi huko juu, raia wakabaki chini.

Sasa sikilizeni. Wachimbaji walikuta shanga za kioo kwa maelfu, zilizovuka Bahari ya Hindi, na hata vipande vya vyombo vya Kichina. Zilipita wapi kama si kwenye bandari za pwani yetu hii ya mashariki? Dhahabu na pembe za ndovu zilishuka, shanga zikapanda. Mapungubwe ilipohamwa, Great Zimbabwe ikashika usukani, na huko imewahi kupatikana sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa. Sekondari nilikariri Kilwa na Great Zimbabwe kwa ajili ya mtihani. Mapungubwe sikuisikia hata siku moja.

Siku ya mwaka mpya 1933 Wazungu wachache walipanda wakakuta makaburi yenye dhahabu. Mmoja wao alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Pretoria, akampelekea habari profesa wake, Leo Fouché. Chuo kikachimba. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana alikuwemo kifaru mdogo wa kuenea kiganjani, wa mabamba membamba ya dhahabu yaliyopigiliwa kwa vijisumari juu ya umbo la mti. Kitabu kikatoka mwaka 1937.

Halafu? Kimya. Mwaka 1948 chama cha National Party kilishika dola, na watoto wakafundishwa kwamba Waafrika waliingia nchi ile karibu wakati mmoja na Wazungu waliotua Cape mwaka 1652. Mfalme mweusi mwenye dhahabu, tena wa karne ya 13, angeiweka wapi hadithi hiyo? Tayari mtaalamu mmoja wa mifupa alishadai kwamba waliozikwa kilimani hawakuwa Wabantu. Vitu vikabaki chuoni, na eneo lenyewe likaja kuwekwa kambi ya jeshi.

Wapo wanaosema ulikuwa uzembe tu, si njama. Mimi ni ripota, najua habari inavyokufa. Hakuna mhariri anayekuambia usiandike. Anakuambia isubiri kidogo, ukurasa umejaa. Wiki ijayo unaambiwa vilevile, mpaka na wewe mwenyewe unaisahau.

Mwaka 2002 Afrika Kusini ilianzisha Nishani ya Mapungubwe. Mwaka 2003 UNESCO ikauweka mji ule wa kale katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2007 mifupa iliyokaa vyuoni miongo kadhaa ilirudishwa kilimani ikazikwa upya. Kifaru amebaki Pretoria.