Bunge na Mipaka ya Enzi Yake

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 tulirithi Bunge lililoundwa kwa mfano wa lile la Uingereza. Huko wanasheria wamezoea kufundisha kwamba Bunge laweza kutunga au kufuta sheria yoyote, wala hakuna mahakama iwezayo kuitangua. Kwetu fundisho hilo halikupata kuwa kweli kamili, maana tangu mwanzo tulikuwa na Katiba iliyoandikwa. Na kwa miaka mingi, juu ya Bunge palikuwa na Chama: mabadiliko ya Katiba ya 1975 yalitamka kwamba vyombo vyote vya Dola vitafanya kazi chini ya uongozi wake.

Enzi hiyo ya Chama ilikoma 1992 uliporejea mfumo wa vyama vingi. Lakini sharti moja lilibaki, nalo ni kwamba mgombea lazima apendekezwe na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila akalipinga mahakamani, akitegemea Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwezi Oktoba 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba raia anayo haki ya kugombea bila chama.

Mwaka haujaisha, Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba yaliyolifanya sharti lile kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Hapa hatuna budi kutua kidogo. Katiba husema kwamba sheria inayopingana nayo ni batili. Je, Katiba ikibadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, jaji atashika lipi? Theluthi mbili ni kizuizi, ndiyo, lakini mbele ya Bunge lililojaa wabunge wa chama kimoja twaona kilikuwa kizuizi chepesi.

Mtikila alirudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa tena haki. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiketi, ikatengua hukumu hiyo. Ilisema mahakama haina uwezo wa kuibatilisha ibara ya Katiba, na kwamba suala hilo ni la Bunge. Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, iliona kwamba haki zilizomo katika Mkataba wa Afrika zimevunjwa, ikaiagiza Tanzania irekebishe kasoro hiyo. Kurekebisha huko kulihitaji kura za Bunge lile lile.