Rasimu ya Gemu

Mjini Bariadi mchezo ni kitu kimoja na gemu ni kingine. Isolo, bao la Wasukuma, ni mchezo. Kinachochezwa kwa pedi mbele ya televisheni ni gemu. Vijana wameuweka mpaka huo wenyewe, bila kikao cha istilahi, na wameuweka vizuri. Ugumu unaanza ukitaka kueleza gemu ilivyokuwa kabla haijafika dukani. Waundaji hutanguliza kitu kinachochezeka nusunusu: ngazi nyingine haina adui, nyingine haina mwisho, ukuta unapitika kama hewa. Kitu hicho tukiite nini?

Jibu la haraka ni "toleo la awali". Silikubali. Toleo limezaliwa na kutoa: gazeti hutolewa, kitabu hutolewa. Kilichobaki kwenye kompyuta ya waundaji hakijatolewa kwa mtu, basi kinakuwaje toleo? Tena "toleo la kwanza" lina mwenyewe tayari, yaani ile gemu iliyouzwa siku ya kwanza.

Wengine husema sampuli. Huku Simiyu neno hilo halina siri: sampuli ni konzi ya pamba inayochotwa kwenye lundo ili ijulikane kama ni safi au fifi. Lazima lundo liwepo kwanza. Sampuli hukifuata kitu, na tunachokitafutia jina hapa hukitangulia. Mfano ni neno la kazi zote, kwa hiyo halina kazi maalumu. Demo ni ya wanamuziki, nayo hutengenezwa makusudi ili isikilizwe na watu. Prototaipu inatamkika, sina ugomvi nayo, ila haimwambii chochote mwanafunzi wa kidato cha kwanza pale Maswa.

Mimi nachagua rasimu. Asili yake ni Kiarabu, rasm, yaani mchoro, na gemu nyingi huanza kwa mchoro kweli. Lakini sababu kubwa ni kwamba rasimu hubeba ndani yake ruhusa ya kufuta. Mtu akikukabidhi rasimu, unajua kuna kitakachoongezwa na kuna kitakachokatwa.

Chukua Sonic the Hedgehog 2 ya kampuni ya Sega, iliyotoka Novemba 1992. Mwaka 1999 rasimu yake mojawapo ilienea kwenye intaneti, na mashabiki wakakutana na ngazi ambazo kaseti ya dukani haikuwa nazo. Moja ni Hidden Palace, kasri la chini ya ardhi lenye kung'aa. Nyingine ni Wood Zone, ya mbao na miti, ambayo haikumalizwa. Zote mbili zilikatwa. Hata hivyo muziki wa kasri ulisahaulika, au uliachwa, ndani ya kaseti: aliyefungua orodha ya kujaribia sauti na kuchagua namba 10 aliusikia, bila kujua ni wa wapi. Ngazi yenyewe ilirudishwa mwaka 2013, gemu ilipoundwa upya kwa ajili ya simu. Ukiiita rasimu ile "toleo la awali", msomaji atadhani Sega waliwahi kuliuza kasri hilo kisha wakalinyang'anya. Hawakufanya hivyo.

Rasimu pia inahesabika, na Watanzania tulilijua hilo kabla ya kuulizwa habari za gemu. Rasimu ya kwanza ya Katiba ilizinduliwa Juni 2013, ya pili ikakabidhiwa Desemba mwaka huohuo na Tume ya Jaji Joseph Warioba. Zilipendekeza Muungano wa serikali tatu. Zilipopita mikononi mwa Bunge Maalumu la Katiba, serikali zikawa mbili. Na aliyeongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge hilo alikuwa Andrew Chenge, wakati huo mbunge wa Bariadi Magharibi. Kwa hiyo mtu wa Bariadi hahitaji kufundishwa umbali uliopo kati ya rasimu na kinachotoka baadaye; ubishi wake aliusikia redioni, na jina la mbunge huyo lilikuwamo.

"Toleo la mwisho" nalo nalitilia shaka. Gemu za leo hazina mwisho: unanunua asubuhi, jioni unaambiwa upakue kiraka. Kiraka ni neno zuri mno, lenye uzi na sindano ndani yake, ingawa watangazaji wa mpira wamekwisha kumpa mchezaji anayeziba nafasi yoyote uwanjani. Waachwe wote walitumie. Kuhusu alfa na beta, majina ya hatua za uundaji, tunaomjua Alfa na Omega tutawaachia wataalamu, ambao huanza na herufi ya kwanza, wakafika ya pili, wakaenda sokoni.

Wanaotafsiri gemu na maelezo yake, nawaomba wajaribu mpango huu: rasimu ni kabla ya kutolewa, toleo ni baada ya kutolewa. Kipimo ni kimoja tu, kama kitu kimewafikia watu au la. Turudi kwenye Katiba: Bunge Maalumu liliipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na haijapigwa. Kwa kipimo hicho, ile nayo bado ni rasimu.