Arap Ruta na Ndege ya Beryl Markham

Atakayetoa mhadhara Sigowet, Kericho, juu ya marubani wa mwanzo wa Kenya hatamkwepa Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro angali mtoto, akafundishwa urubani na Tom Campbell Black, kisha akala jasho lake kwa kubeba abiria na barua na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake toka Abingdon, injini ikamzimikia, akatua kwa kishindo kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Hayo yamesimuliwa sana. Ila mama yake alikuwa amerudi Uingereza mapema, baba ameshughulika na farasi na kinu, na binti akakua akiandamana na mwindaji Mkalenjin, arap Maina, porini kuwinda kwa mkuki. Mwana wa arap Maina, Kibii, alikuwa mwenzake wa michezo. Alipotoka jandoni akaitwa arap Ruta, akafanya kazi na Beryl kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye ndege. Rubani wa miaka ile aliruka bila redio, akisoma mito, vilima na njia za wanyama. Naona elimu hiyo aliipata kwa miguu, kwa walimu Wakalenjin, kabla Campbell Black hajamkabidhi usukani.

Wapo watakaopinga kwamba kitabu cha kumbukumbu cha Beryl cha 1942 kinawaita arap Maina na watu wake Wanandi, hivyo Kericho haina lake. Lakini waandishi wa wasifu wake wamewataja kuwa Wakipsigis, yaani watu wa Kericho, na enzi za mkoloni majina ya makabila yalivurugwa ovyo: Wakipsigis wenyewe waliitwa Lumbwa, jina lililobandikwa hata kwenye stesheni ya reli ambayo leo ni Kipkelion. Wengine watasema kitabu chenyewe kiliandikwa na mumewe, Raoul Schumacher. Ubishi huo ni wa nani aliyenyoosha sentensi; haumfuti arap Ruta. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunamtukuza binti wa mlowezi, katika nchi ambayo ardhi yake iligeuzwa mashamba ya chai ya kampuni. Kumtukuza si lazima. Arap Maina alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza akiwapigania Waingereza, na mwanawe anatajwa kama mtumishi tu. Familia za Sigowet ambazo wazee wao walifanya kazi Njoro ziandike wanayoyakumbuka, sasa.