Gramu Mia Saba za Ivuna

Anayetaka kimondo cha kupiga nacho picha huenda Mbozi, mkoani Songwe. Pale kwenye kilima cha Marengi limelala bonge la chuma la tani zipatazo 16. Mpima ardhi W. H. Nott aliliripoti mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilijua kabla yake. Wanasayansi lakini wanahangaikia zaidi jiwe jingine la mkoa huohuo, ambalo lote halikufikia kilo moja: gramu 705 hivi.

Lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, jioni ya tarehe 16 Desemba 1938. Desemba ni mwezi mbaya kwa jiwe la namna hiyo. Ni jeusi, laini, na likinyeshewa humomonyoka. Lingeangukia shambani mwezi huo wa mvua bila kuonekana, mkulima angelipiga jembe akidhani ni mkaa, na kabla ya mavuno lingekwisha kuwa udongo. Vimondo vya aina hii vilivyoonekana vikianguka duniani kote ni vitano tu. Aina yenyewe imepewa jina la Ivuna.

Kwa nini jiwe hafifu hivyo lithaminiwe? Ondoa kwenye Jua haidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi: elementi zinazobaki, chuma, magnesi, kalisi na wenzake, zimo ndani ya Ivuna kwa uwiano karibu uleule. Yaani ni sampuli ya mali ghafi iliyounda Dunia na sayari nyingine, miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba ndani yake mna asidi amino, glaisini ikiwemo.

Wajapani wao waliamua kuifuata mali hiyo hukohuko juu. Chombo chao Hayabusa2 kiliondoka Desemba 2014, kikachota vumbi la asteroidi Ryugu, na Desemba 2020 kikadondosha kifuko chake katika jangwa la Australia. Miaka sita, gramu 5.4. Mwaka 2022 majibu yalitoka: Ryugu ni ya aina ya Ivuna.

Tofauti zilizoonekana hazikuwa za kupuuzwa. Ivuna ina chumvi za salfati, vumbi la Ryugu halina. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chumvi hizo si za angani. Zimeota ndani ya jiwe baada ya kuanguka, kwa unyevu wa hewa ya duniani.